Nuru ya Kaburi la Mfaume

Kila siku jua likishaegemea, Bimkubwa huvuta kigoda, akachota makaa kwa kifuu na kuyamimina kwenye chetezo. Kidawa hupepea. Ndiyo kazi aliyoachiwa mjane katika nyumba ile: kupepea makaa ya ubani wa mumewe.

"Yakolee, mwanangu," Bimkubwa humwambia. "Makaa ya kijivu hayafikishi dua."

Kidawa hupepea mpaka yanaumiza macho. Kisha mama mkwe hutokea mlango wa uani, akaenda hadi kaburini, hapo hapo nyuma ya nyumba, akakitua chetezo juu ya mawe ya kijani. Magharibi ikiingia, mawe yale hutoa mwanga wa kijani wenye usamawati, wa baridi, usio na moshi wala ulimi wa moto. Wanawake wa Miburani walikuwa wamekwisha lipatia kaburi lile jina. Wakiliita Kwa Mwenye Nuru, na walileta watoto wao wenye homa wakaguswe na vumbi lake.

Mwanga wenyewe ulikuwa ukipungua. Siku za mwanzo kaburi zima lilimeremeta. Sasa ni mawe mawili matatu tu, tena kwa uvivu. Watu walisema roho ya marehemu inatulia.

Siku hiyo chetezo kilikwisha tuliwa, na Kidawa alikuwa akijifuta majivu, mlango wa mbele uliposukumwa kwa bega. Alikuwa Mize, jirani yao, ambaye hata siku za kawaida hodi huipiga akiwa keshaingia.

"Shoga, kaa kitako kwanza."

"Nimekaa."

"Basi kaa zaidi."

Kidawa akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu aingie eda. Akamwona Mize hacheki.

"Kakako Shamte kashikwa. Wamemtoa kisiwani Bwejuu na kamba shingoni. Yuko kwa Akida, pale Kilindoni, wamekwisha mpiga viboko hamsa ishirini. Mgongo wake, shoga... Mie sitausema mgongo wake."

Mize alikuwa anahema. Akachukua kata, akaitumbukiza mtungini, ikagonga kitu chini.

"Usichote mpaka chini, we Mize!" Bimkubwa alikaripia kutoka uani. "Mna kijiwe cha kupoza maji humo."

"Mtu anakufa na kiu, anapimiwa kina," Mize akanung'unika, akanywa.

Ewe uliyefika leo, kaa nikusimulie yaliyokupita, maana hayakupita kwa wema. Mfaume, mume wa Kidawa, na Shamte, kaka wa Kidawa wa baba mmoja mama mmoja, walivuka bara kwenda milima ya Uluguru kuchimba ulanga, yale madini yanayobanduka karatasi karatasi kama kioo. Shamte ndiye aliyemshawishi shemejiye. Huko wakaajiriwa na Mdachi mmoja ambaye ulanga hakuwa na haja nao. Yeye alikusanya mawe yanayong'aa gizani. Kila jiwe lililotoka shimoni alilimulika kwa taa yake yenye kioo cha samawati. Lililowaka alilitia sandukuni katikati ya sufi, lisilowaka alilitupa bondeni. Wachimbaji wakamwita Bwana Mawe.

Mfaume ndiye aliyeyavumbua ya kijani, ambayo hata taa hayakuihitaji. Joto la kiganja liliyatosha. Bwana Mawe alitoa machozi siku hiyo.

Kisha kifua kikamshika Mfaume. Shamte akambeba yeye na furushi lake mpaka Mafia, na mawe yalikuwa ndani ya furushi. "Nimeyachukua mimi," Mfaume alimwambia mkewe. "Shamte hajui. Nilitaka Mama ayaone, basi, kisha niyarudishe." Hakuwahi. Siku ya kufa kwake alimwita mama yake, akamnong'oneza sikioni maneno marefu. Kidawa aliiona midomo tu. Alipouliza, Bimkubwa alimjibu, "Kaniachia radhi." Na baada ya maziko mama mtu akayatwaa mawe, akayapanga juu ya kaburi la mwanawe pamoja na kokoto nyeupe za pwani, kama ilivyo desturi.

Kidawa alinyamaza. Angewaambiaje watu kwamba nuru ya marehemu ni mali ya Mzungu?

Sasa kulikuwa na mtu mwingine mlangoni, na huyu alibisha hodi.

"Hodi wenyewe!"

Sauti ya Akida Sleyum. Kidawa akaruka akaingia chumba cha ndani, akasimama nyuma ya mlango, kaniki ya eda imemfunika hadi kidevuni.

"Karibu, Akida," akasema Bimkubwa. "Ila nyumba ina eda."

"Najua, mama. Sivuki kizingiti. Binti yupo?"

"Shikamoo, Akida," Kidawa akasema kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia vizuri.

"Marahaba, mwanangu. Pole, na nakuja kukuongezea pole nyingine. Huyu niliyefuatana naye ni Bwana Mawe. Mawe yake yamepotea, na aliyebeba furushi ni kaka yako. Tumemuuliza kwa mdomo, tumemuuliza kwa kiboko. Anasema hajui."

"Hajui kweli."

"Huenda. Mashua ya serikali ipo pwani, maji yakijaa inaondoka naye. Atavishwa mnyororo akafanye kazi ya reli. Unawajua watu wa huku waliovishwa mnyororo. Unamjua aliyerudi?"

Kidawa hakumjua hata mmoja.

"Bwana hataki mtu," Akida akaendelea. "Anataka mawe. Akiyapata yakiwa mazima, Shamte atalala kwao leo. Nimemwapisha mbele ya watu."

"Kweli," ikaitika sauti nzito ya kigeni. "Mimi nataka mawe tu."

"Mawe gani tena?" Bimkubwa akauliza, taratibu kabisa. "Sisi huku tuna mawe ya matumbawe. Mkitaka, jichimbieni."

Kidawa aliishika bawaba ya mlango. Hakuwa msichana wa maneno. Tangu utoto, akiulizwa jambo mbele ya wanaume, Shamte ndiye aliyekuwa akimjibia. Leo Shamte hakuwapo.

"Mama," akaita. "Tuwaambie."

"Tuwaambie nini?"

"Yaliyo kaburini."

"Kaburini pana mwanangu na nuru yake."

"Mama, Shamte atakufa!"

"Kila nafsi itaonja mauti."

Alilisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Kidawa akafikiri ni msiba unaosema. Msiba humfanya mtu mgumu, akajiambia, nami lazima niwe mgumu mara moja tu.

"Akida," akasema, na safari hii sauti ilitoka. "Mawe yapo juu ya kaburi la mume wangu. Aliyeyachukua ni Mfaume. Si Shamte."

Mize, aliyekuwa bado na kata mkononi, akasema, "Yallah!"

"Unamtukana maiti wangu?" Bimkubwa akauliza.

Kidawa hakungoja. Angetumwa mwanamume, yangezuka maneno, na maneno yana mwendo mrefu kuliko maji kujaa. Akajitanda kaniki, akatokea mlango wa uani yeye mwenyewe, eda na yote.

Wanawake walikuwa wamekwisha anza kukusanyika kungojea magharibi. Mmoja alimpakata mtoto aliyekonda, macho yamembonyea.

"Ala! Mjane huyo katoka!"

"Kaburi halijakauka, keshachoka kukaa ndani."

"Muulizeni kama kapata posa!"

Kidawa alikiondoa chetezo, akapiga magoti, akaanza kuyaokota mawe. La kwanza lilimchoma hadi akaona nyota. Makaa ya siku ile alikuwa ameyapepea vizuri. Akaliweka kwenye pindo la kaniki, akaokota la pili, na la tatu, na yote, na ngozi ya viganja ikabaki juu ya baadhi yao.

"Anaiba nuru!" mama mwenye mtoto akapiga ukelele. "Dada, na mwanangu je? Na mwanangu?"

Swali hilo ndilo lililomliza Kidawa. Kuchomwa hakukumliza.

Akamwacha Bimkubwa amesimama uani, akaingia nalo pindo chumbani, akaliweka sakafuni, akajifunika uso. Akida akaomba radhi, akavuka kizingiti, akageuka akatazama ukuta. Bwana Mawe, mtu mrefu mwenye ndevu za manjano, akaingia kwa kuinama. Aliyatambua mawe yake hata kabla hajayagusa, akatabasamu kama baba aliyekuta watoto wamelala salama.

Akaokota moja. Tabasamu likamtoka.

"Kwa nini ni moto?"

Akalinusa.

"Ubani. Kwa nini ni ubani?"

"Ni desturi yetu, Bwana," Akida akamwambia. "Tunafukiza makaburi."

"Funga mlango."

Chumba hakikuwa na dirisha. Mlango ulipofungwa hapakuonekana hata pua. Kidawa alimsikia Mzungu akipumua, kiganja kimefumbatwa. Akangoja. Wote wakangoja. Akakifumbua.

Giza.

Akajaribu la pili, na la tatu. Giza tu. Akawasha taa yake ya kioo cha samawati, akayamulika yote pamoja. Yakatoa ukungu hafifu, kama jicho la samaki aliyeshinda sokoni.

"Amekufa," akasema. "Yote amekufa."

"Jiwe hufa, Bwana?" Akida akauliza.

"Hili hufa. Limeweka nuru yake tangu dunia ni changa. Mkono ukilipa joto kidogo, linatoa kidogo. Ukilipa moto, linatoa yote. Haitarudi. Hata wewe ungoje mpaka kiyama." Akaketi juu ya kitanda cha mjane bila kuomba ruhusa. Kwa mara ya pili katika hadithi hii Bwana Mawe alitoa machozi. "Mara ngapi mmechoma?"

Kila siku, Kidawa alitaka kusema. Kila magharibi. Ule mwanga waliouita karama, ule uliowafanya wanawake wapige vigelegele, ulikuwa ni mawe yakikata roho.

Bwana Mawe akainuka, akayapanga tena kwa mkono, moja moja. Ghafla akasimamisha kidole.

"Kubwa liko wapi? Kama yai la bata. La kwanza Mfaume alilotoa."

Kidawa alitikisa kichwa. Kaburini hapakuwa na jiwe la umbo hilo. Hakukumbuka hata kuliona.

Mzungu na Akida wakateta kando. Kisha Akida akarudi karibu na mlango, akasema kwa upole uliomtisha Kidawa kuliko ukali:

"Mwanangu, nimemsihi. Anasema lile kubwa peke yake lina thamani kwake kuliko haya yote. Likija hai, neno lake liko pale pale. Nitakaa barazani kwenu na mtu wangu aliyeko ufukweni atanipigia kelele maji yakifika kwenye mashua. Hapo sitakuwa na la kufanya. Tafuteni."

Wakatoka. Mize akafukuzwa na Bimkubwa kwa jicho tu. Mlango wa mbele ukarudishwa.

Kidawa alipekua. Alilipekua furushi la Mfaume, akaipekua mito, akalikung'uta jamvi. Viganja vyake vilikuwa vimevimba na kila alichokishika kilikuwa moto. Hatimaye maumivu yakamshinda. Akauendea mtungi, akaipandisha kaniki mabegani, akaitumbukiza mikono yote miwili katika maji mpaka kwenye viwiko.

Maji yalikuwa baridi. Akafumba macho.

Kidole kikagusa kijiwe cha kupoza maji.

Kilikuwa laini. Kilikuwa kikubwa. Kilikuwa na umbo la yai.

Akakitoa taratibu, maji yakimchuruzika, akaingia nacho chumbani na kukifumbata. Hakuhitaji kungoja. Mwanga ulipenya katikati ya vidole vyake vilivyoungua, kijani chenye usamawati, ukamwonyesha malengelenge yake yote, ukamwonyesha kitanda, na mkeka, na kofia ya Mfaume iliyotundikwa ukutani. Lilikuwa hai! Alitaka kuita, "Akida!"

"Lirudishe majini," akasema mtu nyuma yake. "Mikono yako ina moto. Unalimaliza."

Bimkubwa alikuwa amesimama mlangoni.

Kidawa alitii. Alikimbilia kata, akalitia jiwe ndani ya maji, akashusha pumzi. Ilikuwa ni baada ya kushusha pumzi ndipo maneno yale yalipomwingia.

"Mama," akasema. "Umejuaje?"

Bimkubwa aliutazama mtungi.

"Bwana Mawe aliyasema haya humu ndani, mlango umefungwa. Wewe ulikuwa uani. Nani kakwambia kwamba moto unaliua?"

"Mfaume."

"Lini?"

"Unajua lini. Ulikuwa umekaa hapo, unaitazama midomo yetu."

Nje, Akida alikohoa. Mtoto wa yule mama bado alikuwa akilia, kilio chembamba cha mgonjwa.

"Uliniambia kakuachia radhi," Kidawa akasema.

"Nilikudanganya. Kaniachia kazi. Kasema, Mama, Mzungu atayafuata mawe yake, na aliyebeba furushi ni Shamte, atashikwa yeye. Mpe mawe. Yaweke kwenye baridi, usiyaache karibu na jiko, yakifa hayo Shamte naye kafa. Kasema mara tatu, kila akipumua anarudia. Pumzi za mwisho za mwanangu, Kidawa, kampa nani? Kampa kaka yako."

Kidawa akaegemea ukuta, kata kifuani.

"Basi ule ubani..."

"Ubani ni ubani."

"Mama, ule ubani wa kila siku!"

"Nimekwambia ni ubani."

"Mimi ndiye niliyekuwa nikipepea!"

"Ulipepea vizuri," akasema Bimkubwa.

Sauti ikasikika kutoka mbali upande wa pwani, mtu akiita kwa kuvuta. Akida akaitikia. Kisha akagonga ukuta kwa fimbo.

"Enyi wa ndani! Maji yanafika!"

Kidawa akaenda mlango wa mbele. Bimkubwa, aliyekwisha ufunga wa uani kwa kufuli, alikwisha fika kabla yake. Akasukuma komeo mahali pake, akageuka, akauegemea mlango kwa mgongo. Mama yule alikuwa mfupi na mkavu, na Kidawa angeweza kumwinua kama mtoto. Lakini hakuwa amepata kumgusa mama mkwe wake ila kwa kumbusu mkono.

"Nipishe, Mama. Nakuomba. Kwa haki ya Mfaume."

"Usimtaje."

"Kwa nini hili ulilificha majini? Ungeliua pamoja na mengine, yakaisha."

"Nililipeleka kaburini mara mbili," Bimkubwa akasema. "Mara mbili nikarudi nalo. Hili alinitia kiganjani mwenyewe. Alinifumba vidole hivi, akasema, Mama, tazama. Tukacheka. Alikuwa hana nguvu ya kucheka, lakini tulicheka."

"Basi moyo wako hautaki."

"Moyo wangu!" Akainua uso. "Kaka yako alikuja hapa akanitolea mwanangu anaimba. Akanirudishia kifua kinachokoroma, kimefungwa mgongoni kama gunia la nazi. Na siku ya matanga watu wakampa pole na yeye. Na yeye! Wakamkalisha mkekani, wakampa kahawa, wakamwambia, Shamte, umefanya kazi ya ndugu. Nami nimekaa ndani nasikia. Nikajisemea moyoni. Moyoni tu, mdomo wangu haujapata kulitoa, hata kwenye sijda haujalitoa."

"Mama, usilitoe," Kidawa alimsihi. "Nipishe tu. Halitajulikana."

"Wewe! Kidawa! Bi Bimkubwa!" Fimbo ya Akida ilikuwa sasa inaugonga mlango wenyewe, na kila pigo lilitikisa mabega ya bibi yule. "Wamekwisha mpandisha!"

Bimkubwa alimtazama mkwewe kwa muda, karibu kwa huruma, akinyoosha mkono kama anayetaka kumfuta machozi. Kisha mkono akaurudisha nyuma, akalishika komeo.

"Wewe sina ugomvi nawe, mwanangu," akasema. "Lakini umeniuliza ubani ulikuwa wa nini. Sikuwa namwombea mtu. Nataka Shamte afe. Nimelisema. Nataka afe, na hili komeo silifungui."